Ulingo wa Barakoa

Kevina alikuwa ameshawapiga wasichana wote wa mji wa Arua, Uganda, waliokubali kupanda naye ulingoni, pamoja na wavulana wawili ambao hadi leo hawapendi kuulizwa habari hiyo. Alizaliwa Ajia, kwenye shamba la mihogo na simsim, akawa mrefu kuliko kaka zake, na alipokuja mjini kutafuta kazi alipanga chumba Mvara, nyuma ya misheni. Mchana alipiga deki katika kliniki ya mtu binafsi. Jioni alikwenda kwa Kocha Ondoga, nyuma ya gereji, ambako gunia lililojazwa mchanga na matambara lilining'inia kwenye bomba la chuma.

Ulikuwa mwaka wa pili wa corona. Kliniki ilimtaka avae barakoa tangu anapoingia hadi anapotoka, na alikuwa ameizoea. Lakini alipofika gereji, Ondoga alimtaka aivae tena.

"Maski inakaa," alisema Ondoga. Alikuwa mwanajeshi mstaafu, sauti yake nzito kama ya mtu aliyekula vumbi maisha yote, na barakoa yake mwenyewe ilikaa chini ya kidevu siku zote. "Kukimbia nayo, kupiga gunia nayo. Siku ile utaitoa, mapafu yako itakuwa ya farasi."

Basi Kevina alikimbia nayo. Mwanzoni kitambaa kilikuwa kikavu na hewa ilipita bila shida. Kisha jasho likashuka kutoka kwenye paji la uso, mvuke wa pumzi yake ukakilowesha kwa ndani, na kitambaa kikaanza kunata kwenye matundu ya pua. Kila alipovuta pumzi kilimfuata mdomoni. Alianza kuhema kwa mdomo, pumzi fupi fupi zisizofika popote, na moyo ulikimbia kabla ya miguu kuchoka. Usiku alilala na maumivu nyuma ya macho.

Jioni moja Ondoga alimpangia mazoezi na Obitre, kijana mwenye kifua kipana aliyefanya kazi hapo gereji. Wakapigana wote wawili wakiwa na barakoa. Katikati ya raundi Kevina alivuta pumzi, hewa haikuja. Alivuta tena. Kitambaa kilikuwa kimemshika kama mkono wa mtu. Hofu ikampanda, na hofu ile, bila kupita kichwani, ikageuka ngumi. Alimsukuma Obitre ukutani na kumpiga mbavuni, mdomoni, mbavuni tena. Obitre alishusha mikono, akapiga kelele kwamba inatosha. Kevina hakusikia. Alipokuja kuvutwa nyuma, Obitre alikuwa amekaa chini akitema damu, na jino lake moja lilikuwa kwenye saruji, katikati ya matone ya oili.

Kevina aling'oa barakoa na kutapika kando ya tairi.

Ondoga alikuwa akicheka. "Unaona? Hiyo ndiyo mimi natafuta. Mutu yenye hana pumzi, hana huruma."

Ndipo Kevina alipoelewa kwamba kocha hakuwa na habari na mapafu ya farasi.

Kesho yake alimwuliza Sista Evelyn, muuguzi wa kliniki, mama mnene aliyekuwa na haraka kwa kila jambo isipokuwa kuongea.

"Sista, watu wanasema ukivaa hii kitu siku mzima, unakunywa sumu ya pumzi yako mwenyewe. Ni kweli?"

Evelyn alichukua kifaa kidogo cha kupima hewa ya damu, akakibana kwenye kidole cha Kevina aliyekuwa na barakoa usoni, wakasubiri namba itulie.

"Umeona? Damu yako iko na hewa ya kutosha. Mimi naivaa tangu asubuhi. Madaktari wa upasuaji waliivaa hata kabla corona haijazaliwa. Ndiyo, inaleta joto, kichwa inauma, hasa mutu asipokunywa maji. Lakini haikuui." Akakitoa kifaa. "Lakini ikilowa, hiyo ni kitu ingine. Ikilowa unabadilisha. Hewa haipendi kupita kwa kitambaa yenye maji. Na mbona unauliza?"

Kevina akamweleza habari za gereji.

Evelyn alikirudisha kifaa mfukoni. "Mapigano? Na maski? Huyo kocha wako alianguka kutoka wapi?" Kisha, kwa sauti ya chini zaidi: "Sikia, binti. Ikikubana, usivute. Ukivuta kwa haraka unajiongezea hofu. Toa kwanza. Toa yote, pole pole, halafu hewa itaingia yenyewe."

Kevina alijifunza. Alikimbia bila barakoa asubuhi, kabla Ondoga hajaamka, na jioni alipoivaa alitoa pumzi taratibu kila kitambaa kilipomnata. Hofu haikwisha, lakini ilikaa mbali kidogo, kama mbwa aliyefungwa.

Pambano lilikuja kupitia kwa Fadhul, mfanyabiashara wa Koboko, mji ulio karibu na mpaka, aliyekuwa akikodisha spika na viti vya harusi hadi corona ilipozifunga harusi. Sasa aliandaa ndondi. Watu walikuwa wamekaa majumbani muda mrefu, kafyu iliwarudisha ndani kabla ya giza, na walikuwa na njaa ya kuona chochote. Fadhul alikodi ghala la zamani la tumbaku, akajenga ulingo wa mbao na kamba za katani, na kumwita Kevina apigane na Celestina.

Celestina alikuwa mkimbizi kutoka Yei, Sudani Kusini. Alivuka mpaka na kaka yake Lado wakati wa vita, wakabaki mjini Koboko kufyatua matofali. Mabega yake yalikuwa ya kazi hiyo: mapana, magumu, ya mtu aliyeinua udongo mbichi tangu alfajiri. Hakuwa na kocha. Kaka yake ndiye aliyesimama kwenye kona yake na ndoo ya maji na taulo.

Kevina na Ondoga walifika Koboko mchana. Jua lilikuwa limeyapiga mabati ya ghala hadi yakawa yanalia. Ndani kulikuwa na harufu kali ya majani ya tumbaku yaliyokwisha kuondolewa miaka mingi, na vumbi lake lilipanda kila watu walipotembea. Mashabiki wa Arua walikuja kwa lori. Watu wa Koboko walijaza upande wa pili. Wengi walivaa barakoa mlangoni na kuivua walipokaa.

Kabla ya kengele Fadhul alishika kipaza sauti.

"Mabibi na mabwana! Wakubwa wametupa ruhusa kwa sharti moja. Mabondia wetu watapigana na maski. Leo mtaona kitu ambayo hamjaona!"

Watu wakapiga kelele za furaha. Baadaye ilikuja kujulikana kwamba hakuna mkubwa yeyote aliyemwagiza hivyo. Fadhul alikuwa amesikia habari za mazoezi ya Ondoga, na alijua watu watakuja kuangalia.

Kevina alimgeukia kocha wake. "Ulijua?"

"Wewe umezoea. Yule hajazoea," alisema Ondoga akimkaza glavu. "Unataka nini zaidi?"

Barakoa ya Kevina ilikuwa ya kamba za mpira, ya kupitisha masikioni. Ya Celestina ilikuwa ya kitenge, imeshonwa tabaka mbili, yenye mikanda minne. Lado aliifunga nyuma ya kichwa, akakaza fundo juu ya fundo ili isianguke dada yake akaambiwa amevunja sheria. Ndani ya barakoa, Celestina aliuma kinga ya meno.

Refa alikuwa Adriko, mwalimu wa michezo asiyekuwa na shule ya kwenda kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa. Aliwaita katikati, akawaambia maneno ambayo hakuna aliyeyasikia, kengele ikalia.

Celestina alianza. Hakuwa na ufundi lakini alikuwa na uzito, na ngumi yake ya kwanza ilimpata Kevina begani ikamzungusha nusu. Ya pili ilimpata sikioni. Kichwa kikajaa mlio. Kevina alirudi nyuma, akanyoosha mkono mrefu wa kushoto, akamgusa paji la uso, akamgusa tena, akimweka mbali. Celestina aliinama, akaingia chini ya mkono ule na kumchapa tumboni hadi Kevina akauma ulimi. Damu yake mwenyewe ilikuwa na ladha ya chuma. Kamba zilimchubua mgongo. Watu wa Koboko walikuwa wamesimama juu ya viti.

Raundi ilipokwisha Kevina alikaa, akashusha barakoa, akanywa maji, akatoa pumzi ndefu kama Evelyn alivyomfundisha. Ng'ambo, Lado hakuweza kulifungua fundo. Alimpitishia dada yake maji kwa kuinua ukingo wa chini wa kitambaa, na maji mengi yalimwagika ndani yake.

Raundi ya pili ilikuwa ya Kevina. Aliona Celestina akianza kuhema. Kitambaa chake kilikuwa kimebadilika rangi kwa maji na jasho. Ngumi zake zilikuja kwa nguvu ile ile lakini zilichelewa. Kevina alimpiga ya kushoto, ya kushoto, kisha ya kulia iliyopita katikati ya glavu na kutua katikati ya uso.

Aliisikia pua ikivunjika. Aliisikia ndani ya mkono wake, hadi kwenye kiwiko.

Doa jeusi likatokea katikati ya kitenge. Likapanuka. Celestina aliyumba, akajifunika kwa mikono, na Kevina akafuata kama alivyofundishwa: mbavu, mbavu, kichwa. Mkono wa mwisho ulimsukuma Celestina kwenye kona, na hapo, kwa muda mfupi, nyuso zao zilikuwa karibu sana.

Kitenge kilikuwa kimejaa damu. Kiliingia ndani ya mdomo wa Celestina, kikatengeneza shimo, kikabaki humo. Hakikutoka. Mabega yake yaliruka juu akijaribu kuvuta, na shimo likazidi kuingia. Aliinua glavu akakwangua uso wake nazo, kama mtu anayefuta kitu kwa miguu ya mbuzi. Macho yake yalimtazama Kevina. Hayakuwa macho ya mtu anayepigana.

"Maliza yeye!" Ondoga alikuwa akipiga ngumi kwenye mbao. "Maliza! Maliza!"

Kevina aliona. Alijua alichokiona. Na bado mkono wake wa kulia ulikwenda.

Celestina alianguka kifudifudi. Adriko alianza kuhesabu. Ghala lote lilikuwa likipiga kelele, na katika kelele hizo ni Kevina peke yake aliyeona kwamba miguu ya mwanamke yule ilikuwa ikipigapiga mbao, haraka haraka, kama ya kuku aliyechinjwa.

"Refa! Hapumui! Hapumui, toa maski!"

Adriko alimsukuma kuelekea kona yake na kuendelea kuhesabu. Kevina akampita. Alijitupa magotini, akamgeuza Celestina ubavu, akajaribu kushika mikanda ile. Glavu zake zilikuwa nene, zimekazwa kwa plasta. Fundo lilikuwa limelowa, dogo, gumu kama mbegu. Akang'oa barakoa yake mwenyewe kwa kuisugua begani, akatema kinga ya meno, akaingiza uso wake kwenye shingo ya Celestina, akauma.

Mkanda ulikuwa na chumvi na nywele. Alitafuna, akavuta kichwa kama mbwa anayepasua ngozi. Haukukatika. Akauma tena.

Lado aliruka kamba. Aliona dada yake chini na mwanamke wa Arua juu yake, mdomo shingoni, damu kila mahali. Alishika kistuli cha chuma cha kona, akakiinua kwa mikono miwili.

Pigo la kwanza lilimpata Kevina mgongoni. La pili lilitua kati ya shingo na bega, na kitu kikakatika humo kwa mlio mfupi, mkavu. Mkono wake wa kushoto ukaanguka kama si wake. Alipiga ukelele kwa pua kwa sababu meno yalikuwa yamefungwa juu ya mkanda, na ukelele ule ndio uliomvuta kichwa nyuma, na mkanda ukakatika.

Kwa glavu ya kulia alikwangua kitambaa hadi kidevuni. Damu nyingi ilimwagika, na kinga ya meno ikatoka nayo. Kisha kimya kidogo. Kisha Celestina akavuta pumzi.

Ilikuwa sauti mbaya, kama mlango wa bati unaoburutwa juu ya mawe. Lado aliisikia. Kistuli kilikuwa juu tena, na kilibaki juu.

"Hiyo nini?" alisema. "Unafanya nini?"

"Mikanda," alisema Kevina, kisha akatapika kwa maumivu.

Lakini watu hawakuona mikanda. Watu wa Arua walikuwa wameona bondia wao akipigwa kwa kistuli, na watu wa Koboko walikuwa wameona dada wa Lado akiumwa shingoni. Kiti cha kwanza kiliruka kutoka upande wa lori. Baada ya hicho hakuna aliyehesabu. Chupa za soda zilipasuka kwenye nguzo. Mtu alimpiga Adriko kwa ubao, naye Adriko akaketi chini ameshika kichwa, damu ikipita katikati ya vidole. Ondoga alikamatwa na vijana watatu, akapigwa hadi barakoa iliyokaa kidevuni ikaishia shingoni kama kamba ya kunyongea. Spika ziliendelea kupiga muziki. Fadhul alitoka kwa mlango wa nyuma na hakuonekana tena siku hiyo.

Lado alimbeba dada yake begani. Alipofika kwenye kamba alisimama, akageuka, akamshika Kevina mkono wake mzima, akamvuta naye.

Katika kituo cha afya waliwekwa kwenye benchi moja. Celestina alikuwa na pamba puani na jicho moja limefungwa. Mtulinga wa Kevina ulikuwa umevunjika vipande viwili. Lado alisimama mbele yao.

"Mimi nilifikiri unamla," alisema.

Hakuna aliyecheka.

Kevina alirudi Mvara na mkono kwenye kitambaa cha kuning'inizia. Kliniki ilimkataza kuja kazini hadi wapate hakika kwamba hakuambukizwa corona, maana alikuwa ameweka mdomo wake kwenye damu na pumzi ya mtu. Alipata homa kweli. Kwa siku kadhaa alilala bila barakoa yoyote usoni na bado kifua kilikuwa kizito. Evelyn alimjia na kifaa chake, akakaa mlangoni, akimwangalia kidole. Iwe alipata ulingoni au kliniki, hakuna aliyejua. Alipona.

Wakati huo picha za video zilizunguka kwenye simu. Fadhul alitangaza kwamba Kevina alishinda. Vijana wa boda wa Mvara walianza kumwita Fisi. Hawakumwita kwa ubaya, walifurahi. Ondoga alikuja na jicho jeusi na habari njema: watu wanataka marudio, Arua, na barakoa.

"Toka," alisema Kevina.

"Binti, sikiliza..."

Kevina alimpiga kwa mkono mzima, mdomoni, kwa nguvu zake zote, akiwa amekaa kitandani. Ondoga alitoka.

Celestina alikuja Jumapili, watu walipokuwa wakitoka kanisani. Lado alibaki barabarani na pikipiki. Pua ya Celestina ilikuwa imekaa upande. Alisimama mlangoni akamtazama Kevina, mkono wake na bega lake lililovimba.

"Karibu, dada," alisema Kevina.

"Mimi sijakuja kukaa." Sauti yake ilitoka puani. "Nimekuja kusema asante kwa meno yako. Kaka yangu amenieleza. Asante."

"Hapana sumbuka."

"Na nimekuja kuuliza. Pale kwa kona. Uliniangalia."

Kevina alitazama chini, kwenye mkono wake uliofungwa.

"Uliona mimi nakufa. Mimi nilikuona unaona. Halafu ulipiga."

Nje mtu alipita akiimba wimbo wa kanisa. Kevina alitafuta maneno ya kujitetea: Ondoga, kelele, glavu, mazoezi. Yote yalikuwepo, na hakuna hata moja lililomfaa.

"Ndiyo," alisema. "Niliona. Nilipiga."

Celestina alitikisa kichwa taratibu kukubali. Kisha akampiga tumboni.

Ilikuwa ngumi ya mfyatua matofali, bila glavu, chini kidogo ya kifua. Kevina alianguka magotini. Mdomo ulikuwa wazi na hakuna kilichoingia. Aliona mchanga wa sakafuni, kucha za miguu ya Celestina, giza likija kutoka pembeni. Alikumbuka kutoa kwanza, lakini hapakuwa na kitu cha kutoa. Celestina alichuchumaa mbele yake. Hakumgusa wala hakuondoka. Alisubiri hadi pumzi ya kwanza ilipoingia kwa kukwaruza, na ya pili.

"Khalas," alisema. "Hiyo imekwisha. Nipe maji."

Wakanywa maji kwa kikombe kimoja. Ndipo Celestina aliposema jambo la pili lililomleta. Fadhul alikuwa ameandaa pambano jingine alasiri hiyo, ghala lile lile. Sandra, msichana wa kijiji cha Lurujo, na mwingine kutoka mpakani. Sandra hajawahi kupanda ulingoni hata mara moja.

"Na maski?" aliuliza Kevina.

"Anazilowesha kwa ndoo kabla. Anasema ni dawa ya kuua corona. Watu wanapenda kuona vile inaingia kwa mdomo."

Kevina alichukua shali, akajifunga bega. Walikwenda watatu kwa pikipiki ya Lado, na kila shimo la barabara liliugusa mfupa wake uliovunjika. Kevina aliuma shali hadi Koboko.

Ghala lilikuwa limejaa kuliko mara ya kwanza. Ulingoni wasichana wawili walisimama na barakoa zinazodondosha maji, na mmoja wao, Sandra, alikuwa tayari akivuta pumzi kwa shida kabla ya kengele. Fadhul alikuwa kwenye kipaza sauti. Alipowaona alifurahi.

"Nani wamekuja! Fisi wa Arua! Na Celestina wetu!"

Watu walilipuka. Walidhani ni sehemu ya onyesho. Celestina alipanda ulingoni akamwendea Fadhul. Mlinzi mmoja alimshika Kevina begani, pale pale penye mfupa, na Kevina akapiga ukelele. Lado akamgonga mlinzi yule kwa kichwa, wakaanguka wote juu ya viti.

Celestina aliinamia ndoo. Alichukua kitambaa kilichokuwa ndani ya ndoo, kinachotiririka maji, akamfunika Fadhul pua na mdomo, akamzungusha mkono mwingine nyuma ya shingo, akabana.

"Vuta," alisema.

Kipaza sauti kilianguka, kikapeleka sauti yake ghala zima. "Vuta! Si wewe unapenda kuona? Vuta!"

Fadhul alikuwa mwanamume mnene, mzito kuliko yeye, lakini mikono ile ilikuwa imeinua matofali ya nusu ya mji. Alipiga teke. Alimkwangua Celestina usoni, pua iliyovunjika ikaanza kutoka damu upya. Kitambaa kiliingia mdomoni mwake, kikatengeneza shimo. Watu walicheka, wakapunguza kucheka, wakanyamaza. Sasa ilisikika vizuri: mkoromo mdogo, wa mtu anayenyonya maji.

"Celestina," alisema Kevina. Alikuwa amefika kwenye kamba. "Inatosha."

Celestina aliendelea kubana.

"Dada yangu. Macho yake. Angalia macho yake."

Magoti ya Fadhul yalikuwa yamelegea. Celestina aliyatazama macho yale. Hakuna anayejua aliona nini humo. Kevina aliweka mkono wake mzima juu ya mkono wa mwenzake, bila kuvuta, na baada ya muda alihisi vidole vikifunguka, kimoja kimoja. Fadhul alianguka akakohoa, akalia kama mtoto, mbele ya watu wote.

Polisi walifika na kumchukua Celestina, Lado na Fadhul kwa gari moja. Celestina alikaa ndani wiki nzima, kwa kosa la kushambulia mtu, kisha akaachiliwa, maana Fadhul hakutaka kusimama mahakamani kueleza habari za ndoo. Hakuandaa ndondi tena. Alirudia viti vyake vya harusi. Celestina alirudia matofali, na jirani zake wanasema akilala anakoroma kwa nguvu kwa sababu ya ile pua.

Lakini siku ile, ghala lilipokuwa likitoka watu, Kevina alibaki ameketi kwenye ukingo wa ulingo, bega likimwaka moto. Sandra alimjia. Alikuwa amevua barakoa, na bila hiyo alionekana mdogo zaidi, uso umemwiva kwa hasira.

"Nyinyi mlipigana," alisema. "Video yenu iko kwa simu ya kila mutu. Na mimi? Mimi nilifanya mazoezi miezi yote hii. Mama yangu ametoka Lurujo kuniona. Nani alikuita?"

"Ungekufa."

"Labda ningeshinda."

Kevina alimtazama. Yeye mwenyewe, katika umri ule, angesema hivyo hivyo.

"Lete mikono," alisema. "Nikufungue glavu."

Sandra alisita, kisha akanyoosha mikono. Kwa mkono mmoja na meno, Kevina alianza kulegeza kamba, na msichana yule alilia wakati wote huo kwa uchungu, akihema kwa nguvu, kifua chake kikipanda na kushuka.